Hema kubwa la juu kwa ajili ya tela la kambi: mita 1.8 au 2.4? Familia ya watu watano

Baba Watatu (Arusha)

Habari zenu wakuu. Naomba tushauriane kabla sijatoa hela, maana hiki kitu si cha bei ya kujaribia.

Nina Prado, na kuna fundi wa kuchomelea ananitengenezea tela la kambi. Boksi lina urefu wa mita 2.4 na upana wa mita 1.4, ekseli moja, springi za majani. Juu ya mfuniko anaweka keria, na kutoka ardhini hadi hapo juu ni kama mita 1.5. Watumiaji ni mimi, mama watoto, na watoto watatu: wa miaka 12, 8 na 4. Tunalenga likizo za shule: Tarangire, Serengeti, Natron, na Desemba tunateremka Pangani. Tela libaki kambini, gari liende kuzunguka na wanyama.

Swali langu ni hema la juu, lile la kukunja linalofungwa kwenye keria na kupandwa kwa ngazi. Kuna la upana wa mita 1.8 limeandikwa "watu 3-4" na la mita 2.4 limeandikwa "watu 5-6". Mimi moyo uko kwenye 2.4 tumalize mambo. Mama watoto anasema huo ni ukumbi wa harusi. Wenye uzoefu, nisaidieni: ukubwa, kitambaa, lifunguke upande gani, na je, niagize au niwape mafundi wa maturubai wa hapa hapa?

Kobe Mwendapole

Mkuu hizo ni mbwembwe. Nunua hema la chini la kawaida, hela inayobaki weka mafuta. Wazazi wetu walilala chini na tumezaliwa.

Mama Safari

Kobe, wewe hujalala pale kambi ya Simba, ukingoni mwa Ngorongoro, tembo akaja kunywa maji ya tangi usiku. Sisemi hema la juu ni ngome. Tembo hajali uko juu au chini. Lakini fisi anayenusanusa kwenye zipu ni habari nyingine, na mvua ikinyesha usiku kucha maji yanapita chini yako, hayapiti kwenye godoro.

Kuna hasara moja ambayo wauzaji hawaitaji: haja ndogo ya usiku. Mtoto wa miaka 4 anaamka saa tisa, giza, ngazi ina umande, na wewe ndiye unatangulia kushuka kinyumenyume ukiwa na tochi mdomoni. Nunua poti yenye mfuniko kabla hujanunua hema.

Dereva wa Nyanda

Baba Watatu, anza na tela, hema lije baadaye. Naona umeanza na hema na ndiyo maana unazunguka.

Hiyo "watu 5-6" isahau kabisa. Chukua futi kamba. Mtu mzima akilala anahitaji sentimita 60 za upana kwa uchache, na hapo mabega yanagusana. Watu watano ni mita 3. La 2.4 linabeba wanne kwa mstari, wa tano atafutiwe pa kukaa. Urefu wa godoro kwenye mahema mengi ya kukunja ni karibu mita 2.4, kwa hiyo wewe ukiwa na 1.75 zinabaki sentimita 65 miguuni, na hapo unamkingamisha wa miaka 4. Inawezekana, ila utampiga mateke. La 1.8 ni watu wazima watatu kwa haki, au mkubwa mmoja na watoto watatu bila kugombana.

Sasa upande wa kufungukia. Sakafu ya haya mahema ni vipande viwili vilivyounganishwa kwa bawaba. Kimoja kinakaa juu ya keria, cha pili kinafunguka na kuning'inia nje, na kinachokishikilia ni ngazi. Hema la 2.4 likifungwa linabaki mita 2.4 kwa takribani 1.2. Kwenye boksi lako linakaa kwa urefu wa tela, hivyo linafungukia ubavuni, hakuna namna. La 1.8 ukiliweka kwa kukingama linazidi boksi sentimita 20 kila upande, litakuwa linapiga matawi, kwa hiyo nalo ni la ubavuni. La 1.4 peke yake ndilo linakupa uhuru wa kufungulia nyuma.

Halafu umesema keria iko juu ya mfuniko. Nani atanyanyua huo mfuniko? Hema la 1.8 lina kilo 70 hadi 80 kutegemea mtengenezaji, la 2.4 linasogelea kilo 100. Hata fundi akiweka shokapu za gesi, hema likishafunguliwa na watoto wamelala juu, boksi halifunguki tena. Umesahau dawa ya homa ndani? Subiri asubuhi. Mwambie fundi aache mfuniko ulivyo na akate milango ubavuni na nyuma sasa hivi, kabla ya rangi.

Na jiko lisikae ubavu wa hema. Utaona kuna kivuli cha bure utashawishika. Sakafu itakuwa mita 1.5 kutoka ardhini, utapika umeinama, na moto uko chini ya turubai walipolala watoto. Jiko liende nyuma au ubavu wa pili.

Baba Watatu

Duh. Hilo la mfuniko sikuliwaza, na fundi naye hajasema kitu. Nampigia leo hii. Asante sana mkuu.

Kwa hiyo 2.4 haifai?

Dereva wa Nyanda

Inafaa kwa tela zito lenye fremu ya kubeba. Lako ni la ekseli moja. Fikiria kilo karibu 100 zimekaa kimo cha mita 1.5, halafu uko rafu rodi na tela linarukaruka. Kila sentimita unayopandisha uzito, tela linazidi kuyumba kwenye kona. Shingo ya tela inatakiwa ikalie ndoano ya gari kwa karibu asilimia 10 ya uzito wote. Tela la kilo 700, weka 60 hadi 70 kwenye ndoano. Pungukiwa hapo, mkia unaanza kucheza, na ukishaanza huwezi kuuzuia kwa breki.

Kambini napo. Kabla hujafungua hema, shusha miguu ya kona yote minne na uikaze. Hema la ubavuni likipata watu, springi za upande ule zinalala na tela linainama. Wale wanaofungulia nyuma, tela likiwa limeachanishwa na gari bila miguu ya nyuma, watu wawili wakipanda tu shingo inanyanyuka juu. Nimeshuhudia baba mzima ameteleza na godoro.

Fundi Turubai

Nashona maturubai na mahema ya kambi za watalii, kwa hiyo nijibu la kitambaa.

Kuna familia mbili. Moja ni mchanganyiko wa pamba na poliesta, uzito wa gramu 280 hadi 400 kwa mita ya mraba, wenye vijimraba vya nyuzi nene ili ikichanika isiendelee. Ya pili ni poliesta tupu iliyopakwa utando wa plastiki kwa ndani. Ya pili ni nyepesi, inakauka haraka na ni rahisi. Lakini haipumui. Watu watano wakilala humo ukingoni mwa Ngorongoro, kwenye mita kama 2,300 na ukungu wake, asubuhi matone yanawadondokea usoni na mtasema limevuja. Halijavuja, ni pumzi zenu. Na ule utando kwa joto na unyevu wa Pwani, baada ya miaka huanza kunata na kubanduka kama maganda.

Mimi nasema mchanganyiko wa pamba, hasa hema likiwa kubwa, kwa sababu watu wengi ni pumzi nyingi. Likifika, usiende nalo porini moja kwa moja. Lifungue uani, limwagie maji lote mpaka lilowe, liache likauke kabisa, rudia. Nyuzi zinavimba na kuziba matundu ya sindano. Usilifue kwa sabuni ya unga hata siku moja, utaondoa dawa ya kuzuia maji. Maji matupu na brashi laini.

Kuhusu kushonesha hapa: mwili wa hema tunaweza, chumba cha chini (turubai linaloning'inia chini ya hema) tunaweza, kava la juu tunaweza. Kinachotushinda wengi ni sakafu na bawaba zake. Sakafu nzuri ni bati mbili za alumini zenye umbo la sega la nyuki katikati, yaani vijichumba vya alumini. Ni nyepesi na hainyonyi unyevu. Ukiwekewa plaiwudi badala yake, hema la mita 2.4 linapata uzito wa ajabu na maji yakiingia pembeni inafumuka. Kwa hiyo nunua hema lenyewe kwa wanaojua, halafu njoo kwetu kwa chumba cha chini na kava. Kava linalokuja na hema nyingi ni jepesi. Kwa vumbi la Serengeti na matawi ya migunga, lishonwe la PVC ya gramu 600 au zaidi, mikanda miwili, na zipu ifunikwe na ulimi.

Kobe Mwendapole

Fundi hapo umejipigia debe.

Fundi Turubai

Njaa haina soni mkuu 😄 Lakini nimemwambia ukweli, hema lenyewe asilinunue kwangu.

Mtu wa Nakuru

Salamu kutoka upande huu wa Namanga. Mimi nina hema la juu kwenye tela, na kuna jambo la upepo hamjaligusa.

Hema likiwa pana, ndivyo upepo unavyolipata. Nendeni Loiyangalani kando ya Turkana mkaone. Si bure wamejenga kule mitambo 365 ya umeme wa upepo. Usiku upepo unashuka kutoka Mlima Kulal na hautulii mpaka jua lichomoze. Hema la 2.4 pale linapiga kelele usiku kucha: vile vijiti vya chuma vinavyoinua vipaa vya madirisha vinagonga, turubai linapiga, watoto wanalia. Dawa yake ni mbili. Egesha tela ili ule upande ambao hema limeegemea tela ndio uutazame upepo, sio upande wa mlango. Na upepo ukizidi, toa vijiti, shusha vipaa, funga. Hewa itapungua ila mtalala. Natron pia kuna upepo mkali mchana, kwa hiyo Baba Watatu usidhani ni habari ya Kenya pekee.

La pili ni usafiri. Ukiagiza kwa ndege, kampuni za mizigo hazitazami kilo pekee, zinatazama nafasi: urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 6,000. Chukua hilo la 2.4 lililofungwa, sema 240 mara 120 mara 35. Unapata kilo 168 za kulipia, ilhali hema lenyewe halifiki 100. Kwa hiyo meli, au barabara kutoka Afrika Kusini ukipata mtu mwenye nafasi kwenye lori. Kule ndiko kwenye majina makongwe ya haya mahema, Eezi-Awn, Howling Moon na wenzao, na vipuri vyake vinapatikana. Juu ya ushuru kuna VAT, kwetu asilimia 16, kwenu 18. Piga hesabu ya jumla kabla hujasema "ya kuagiza ni rahisi".

Binti Pangani

Karibuni Desemba, ila sikilizeni ya Pwani kwanza.

Adui wa hema huku ni kuvu. Mkilifunga likiwa na unyevu asubuhi ili muwahi njiani, mkafika Arusha mkaliacha wiki nzima uani, mkifungua ni madoa meusi na harufu haitoki tena. Mkilazimika kulifunga bichi, lifungueni jioni hiyo hiyo mkifika, hata kama ni usiku. Hema kubwa ndiyo tabu zaidi, maana linataka nafasi ya kulianika. Umejiuliza uani kwako kuna mita 3 kwa 3 za wazi mbali na mti wa ndege?

Chini ya godoro nako. Mwili una joto, sakafu ya alumini ni baridi, maji yanajikusanya katikati na godoro linaoza kwa chini huku juu ni zuri. Kuna wavu mzito wa plastiki unaotandikwa chini ya godoro ili hewa ipite. Ukiukosa, mkeka wetu wa ukindu unafanya kazi, ila unauanika kila asubuhi.

Na chandarua: angalia matundu. Cha kawaida kinazuia mbu, usubi wanapita. Jioni ufukweni upepo ukikata, usubi watawauma watoto mpaka wajikune damu. Uliza chandarua cha matundu madogo kabisa, ukubali joto kidogo.

Ngazi kwenye mchanga inazama. Beba vipande viwili vya ubao vya kuweka chini ya miguu yake.

Mama Safari

Binti umenikumbusha rangi. Mtu asije akanunua hema la buluu iliyokolea au jeusi akaenda nalo Tarangire. Mmeona zile nguo za buluu na nyeusi zinazotundikwa porini kutega mbung'o? Hizo rangi ndizo zinawavuta. Chukueni kahawia au kijani cha vumbi.

Baba Watatu

Nimetoka kwa fundi. Milango inakatwa ubavu wa kulia na nyuma, jiko litakuwa la kuvuta kutoka nyuma, hema litafungukia kushoto. Amelalamika kidogo kuhusu muda lakini kakubali.

Nimepima pia. Nimechora mita 1.8 kwa 2.4 kwa chaki sebuleni tukalala wote watano. Wa miaka 12 amekataa, anataka pake. Je, nikichukua la 1.8 nikaongeza chumba cha chini, yeye alale chini?

Dereva wa Nyanda

Chumba cha chini kinaning'inia kutoka kwenye kile kipande cha sakafu kinachotokeza. Kwako sakafu iko mita 1.5. Mtoto atasimama, wewe utatembea umeinama. Vyumba vingi vinavyouzwa vimekatwa kwa kimo cha mita 2 hivi, kwa gari la juu, kwako vitakunjana chini na kukusanya matope. Fundi Turubai akukatie cha kimo chako. Usikubali wazo la kuinua keria hadi mita 2 ili upate kusimama, utaharibu tela kwa ajili ya chumba cha kuvalia nguo.

Mama Safari

Na asilale mtoto peke yake chini Serengeti, tafadhali. Kambi za umma pale Seronera hazina uzio. Pangani au Lushoto sawa, alale chini na sakafu yake ya kufunga zipu. Kwenye wanyama chumba cha chini ni cha viatu, maji na kubadilishia nguo.

Mtu wa Nakuru

Kwani Prado haina nyuma? Kunja viti, tandika godoro la sponji, mmoja analala ndani ya gari. Anayekoroma ndiye aende.

Mama Safari

😂 Hilo jibu limemaliza uzi. Mama na watoto watatu juu kwenye 1.8, baba garini na ufunguo wake.

Kobe Mwendapole

Kumbe na nyinyi mnaishia kumlaza mtu nje ya hema. Si nilisema.

Dereva wa Nyanda

Kobe tulia. Hata hivyo Nakuru kasema jambo. Hema la 2.4 unalinunua kwa ajili ya mtu mmoja wa ziada, na kwa huyo mmoja unaongeza kilo 20 juu ya tela, unaongeza upepo, unaongeza kazi ya kufunga asubuhi. Maana kulifunga ndiko kunakochosha: unapanda juu kusukuma turubai ndani, unashuka, unakunja, halafu kava linagoma kufika pembeni kwa sababu godoro limejaa hewa. La 1.8 wewe na huyo wa miaka 12 mnalifunga wenyewe. La 2.4 utamhitaji na jirani wa kambi.

Kuna mtu atakwambia weka hema la pili dogo juu ya Prado. Usifanye. Kwanza soma kitabu cha gari, mapaa mengi yanaruhusiwa kilo 75 hadi 100 tu gari likitembea, na keria yenyewe imo humo. Pili, kila alfajiri utalazimika kulifunga ndipo uende kuona simba. Tela umelinunua ili uepuke hiyo kazi.

Baba Watatu

Mama watoto kausoma uzi wote jana usiku, kacheka mpaka basi. Tumekubaliana: la 1.8, mchanganyiko wa pamba, rangi ya kahawia, sakafu ya alumini. Kava na chumba cha chini kwa Fundi Turubai, nakuja inbox mkuu. Nani analala garini bado ni mjadala wa nyumbani.

Swali la mwisho. Ngazi inayokuja na hema muuzaji anasema ni mita 2.2. Kwangu sakafu ni 1.5. Niikate?

Dereva wa Nyanda

Usiikate. Ngazi ndiyo mguu wa hema, inabeba nusu ya watu wote. Kwa kimo cha 1.5 na mwinamo mzuri unahitaji kama mita 1.6 tu. Ya 2.2 itakaa imelala mno, mkipanda inateleza kwenda nje, na ukiisimamisha itainua ukingo wa sakafu mkaserereka wote upande wa tela. Muombe ngazi ya kuteleza yenye matundu ya pini, uifupishe kambini kulingana na ardhi, kwa sababu leo uko tambarare, kesho ngazi imeangukia shimoni inataka 1.9. Angalia pini ziwe za chuma, za plastiki zinavunjika.

Na matairi mwambie fundi aweke ya nati 6, rimu na saizi ile ile ya Prado. Spea moja itatumika pote.

Baba Watatu

Fundi alishafunga habu za nati 5, alizipata kwenye ekseli ya mtumba. Ngoja nimpigie tena kabla hajafunga gereji.